Usiuite Mji Kambi

Liko neno dogo ambalo limetenda kazi kubwa katika historia ya nchi yetu, nalo ni neno kambi. Askari hupiga kambi, wawindaji hupiga kambi, na watafutao dhahabu hupiga kambi. Wote hao wanajua kwamba hema lililosimamishwa jioni laweza kung'olewa alfajiri. Kwa hiyo hakuna anayewachimbia watu wa kambini mfereji wa maji machafu, wala anayewajengea shule ya mawe, wala anayewaandikia hati ya ardhi. Mtu wa kambini ni mpita njia, na mpita njia hadai kitu ila nafasi ya kupita. Ndiyo sababu wale wasiopenda kutimiza wajibu wao kwa watu fulani huanza kwanza kwa kuwaita wapita njia.

Hivyo ndivyo wanavyonenwa watu wa Kibera na Kawangware katika jiji la Nairobi. Nimeyasikia maneno hayo katika magari ya abiria, katika mikutano, na hata katika vinywa vya watu waliosoma. Husemwa ya kwamba watu wale wamekuja mjini kutafuta; wakipata watarudi kwao, na wasipopata watarudi vilevile. Kwa nini basi jiji lijisumbue kuwapelekea mabomba ya maji, na kesho hawatakuwapo? Wengine huongeza mfano ambao huudhani kuwa ni wa hekima. Husema kwamba Nairobi ni kama mgodi wa dhahabu, na vitongoji hivi ni kambi za wachimbaji. Siku dhahabu itakapokwisha, kambi zitakufa zenyewe, kama zilivyokufa kambi za dhahabu katika pande nyingi za dunia.

Mimi nasema kwamba hoja hiyo ni ya uongo, tena ni ya dhuluma. Lakini sitaitupa kabla ya kuipima. Nitauchukua mfano wao wenyewe na kuufuata mpaka mwisho, maana hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta kambi ya dhahabu iliyoinuka na kuachwa. Tulikuwa nayo hapa Kenya, katika Kakamega, nchi ambayo wazazi na mababu wa maelfu ya wakazi wa Kawangware na Kibera walitoka. Tukiitazama kwa makini tutaona kwamba haishuhudii yale inayoitiwa kushuhudia.

Mwaka wa 1931 ulikuwa mwaka wa dhiki. Biashara ya dunia ilikuwa imeanguka, bei ya mahindi imeporomoka, na nzige walikuwa wamekula kile kilichobaki shambani. Walowezi wa Kizungu wa Uasin Gishu na Trans Nzoia walikuwa na madeni wasiyoweza kuyalipa. Katika mwaka huo mkulima mmoja Mmarekani wa Turbo, jina lake L. A. Johnson, alipata dhahabu katika changarawe za mto Yala, upande wa Kakamega. Mwezi wa Septemba mwaka uleule Uingereza iliacha kuifunga fedha yake kwa dhahabu, na kwa sababu hiyo kila wakia ya dhahabu ikapata paundi nyingi zaidi kuliko zamani. Mkulima aliyekuwa hawezi kuuza gunia la mahindi kwa faida akaambiwa kwamba kule magharibi utajiri waokotwa mtoni. Haishangazi kwamba aliacha plau yake akaenda.

Walikwenda kwa malori na magari mabovu, wakichukua mahema, sululu, makoleo na makarai. Baada ya muda mfupi mamia ya Wazungu walikuwa wamekaa kando ya mito, na maelfu ya Waafrika waliajiriwa kuchimba, kubeba na kuosha mchanga kwa ujira mdogo. Vigingi vilipigwa huku na huku, kila mmoja ukionyesha kwamba kipande hiki ni cha fulani. Mwaka 1932 Serikali ilimwita bingwa wa elimu ya miamba, Sir Albert Kitson, ili aipime nchi hiyo na kueleza kama dhahabu yake ilikuwa ya kutumainiwa.

Ni vizuri msomaji ajue jinsi kambi ya namna hii inavyoendelea, maana mambo yake hufanana karibu kila mahali. Kwanza dhahabu hupatikana katika mchanga wa mito. Maji yameimomonyoa kutoka katika mwamba kwa muda wa miaka mingi sana na kuituliza chini, nayo yaweza kupatikana na mtu yeyote mwenye karai na subira. Hiyo ndiyo siku ya watu wadogo. Lakini mchanga huisha upesi. Dhahabu iliyobaki imo ndani ya mishipa ya jiwe gumu chini ya ardhi, nayo haitoki bila mashimo marefu, pampu za kuvuta maji, na vinu vya kusaga mawe. Hapo mtu wa karai hana la kufanya. Huuza kigingi chake au hukiacha, na kampuni zenye mtaji huingia mahali pake. Katika Kakamega mgodi uliovuma kuliko yote ulikuwa ule wa Rosterman. Ulianza kutoa dhahabu mwaka 1935, na mpaka ulipofungwa mwaka 1952 ulikuwa umetoa zaidi ya wakia 250,000.

Sasa na tuulize swali ambalo wasifuo dhahabu hulisahau. Ardhi ile ilikuwa ya nani? Haikuwa nyika tupu. Ilikuwa ndani ya eneo lililoitwa Kavirondo ya Kaskazini, nchi ya Waisukha, Waidakho, Watiriki, Wamaragoli na jamaa zao, mojawapo ya sehemu zilizojaa watu kuliko nyingine zote nchini. Kila kilima kilikuwa na mwenyewe, na karibu na kila boma palikuwa na makaburi. Tena ardhi hiyo ilikuwa imelindwa kwa sheria. Mwaka 1930 Serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria ya amana ya ardhi za wenyeji, iliyosema kwamba ardhi hizo zimetengwa kwa matumizi na manufaa yao milele. Kama kipande kingetwaliwa kwa haja ya umma, kingine cha thamani sawa kilipasa kutolewa badala yake, na baraza la wenyeji lilipasa kuarifiwa kwanza.

Ahadi ni deni, wasema wahenga. Deni hili halikudumu. Mwezi wa Desemba mwaka 1932, dhahabu ilipokwisha kuonekana, sheria ile ilibadilishwa kwa haraka. Ardhi ya kuchimbia madini sasa iliweza kutolewa katika eneo la wenyeji bila kupewa ardhi nyingine, bali fedha tu, wala haikuwa lazima tena baraza lao liulizwe kwanza. Hata huko Uingereza walikuwapo watu walioona haya. Mapema mwaka 1933 jambo hilo lilijadiliwa katika Baraza la Malodi, na Lord Lugard, mtu aliyewahi kutawala Nigeria na asiyeweza kuitwa adui wa ukoloni, alikuwa miongoni mwa waliolilalamikia. Malalamiko yao hayakuirudisha sheria. Neno milele lilikuwa limeishi miaka 2.

Mtazame basi ni nani aliyekuwa mpita njia katika habari hii. Mchimba dhahabu alikuja jana, akitumaini kuondoka kesho akiwa tajiri. Hakuficha nia yake. Hata hivyo sheria ilipindwa ili impishe yeye, na mtu ambaye babu yake alizikwa pale aliambiwa apokee fedha na kusogea. Wale wasemao kwamba haki za mtu hutegemea kukaa kwake na waijibu habari hii. Katika Kakamega haki haikumfuata mkaaji, ilimfuata mwenye nguvu. Na neno la muda halikuwahi kutajwa juu ya mchimbaji, ingawa yeye ndiye aliyestahili kuitwa hivyo.

Mwisho wake unajulikana. Mwaka 1934 Marekani iliweka bei ya dhahabu kuwa dola 35 kwa wakia, na bei hiyo ilikaa hivyo mpaka mwaka 1971. Lakini bei ya mafuta, ya mashine na ya vyuma haikukaa. Baada ya Vita Kuu ya Pili gharama zilipanda kila mwaka, na kila mwaka mgodi ulizidi kwenda chini kufuata mshipa uliozidi kuwa maskini. Mwaka 1952 Rosterman ukafungwa. Mashine zikanyamaza, na waliokuja na mizigo yao wakaondoka na mizigo yao. Dhahabu yenyewe ilikuwa imekwisha kutangulia. Kilichobaki ni mashimo yaliyojaa maji, vilima vya mawe yaliyosagwa, na jina. Leo Rosterman ni mtaa wa mji wa Kakamega, na watu wangali wanachimba na kuosha mchanga katika sehemu zile kwa mikono yao, wakitafuta makombo ya karamu ambayo babu zao hawakualikwa.

Hapa wapinzani wangu watapiga makofi. Watasema: umeshuhudia mwenyewe kwamba kambi ilikufa! Nami nakubali kwamba kambi ilikufa. Lakini je, Kakamega ilikufa? Haikufa. Kakamega ilikuwa makao ya utawala wa wilaya tangu mwaka 1920, yalipohamishwa kutoka Mumias, yaani zaidi ya miaka 10 kabla ya dhahabu kuonekana. Ilikuwa na soko, na mashamba, na watu wasiokuwa na safari ya kwenda kokote. Leo ni makao makuu ya kaunti. Na mwaka 1932, mwaka uleule sheria ya ardhi ilipovunjwa, shule ya Serikali ya Waafrika ilifunguliwa Kakamega. Mgodi umefungwa tangu mwaka 1952. Shule hiyo, iitwayo sasa Shule ya Kakamega, ingali ikifundisha. Kilichokufa pale ni kile kilichokuwa mali ya watu wasiokusudia kukaa. Kilichokuwa cha wenyeji kiliishi.

Dunia nzima yashuhudia vivyo hivyo. Katika nchi ya Klondike, kaskazini mwa Kanada, dhahabu ilipatikana mwaka 1896, na kufikia mwaka 1898 mji wa Dawson ulikuwa na watu wapatao 30,000. Mwaka 1899 habari zilipokuja za dhahabu nyingine huko Nome, Alaska, maelfu waliuacha kwa msimu mmoja wa kiangazi. Lakini Johannesburg nayo ilizaliwa na mahema ya wachimbaji mwaka 1886, na leo ni jiji kubwa, lenye kazi nyingi zisizohusu dhahabu hata kidogo. Na Nairobi yetu? Ilikuwa kambi ya wajenga reli, iliyofikiwa na reli mwezi wa Mei mwaka 1899, mahali penye maji ya matope na maradhi. Tauni ilipoingia, walikuwapo madaktari walioshauri kwamba mji uhamishwe kabisa. Haukuhamishwa, kwa kuwa wenye amri waliuona kuwa ni wao na wakaamua kuutengeneza. Kambi inageuka mji siku ile wakaaji wake wanapotambuliwa kuwa ni wenyewe, na mitaro na mabomba hufuata baadaye.

Na tuirudie sasa Kibera, tukiwa na kipimo hicho mkononi. Jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Tangu mwanzo wa karne ya 20, kama mwaka 1904, askari Wanubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles walikalishwa pale pamoja na jamaa zao. Mwaka 1918 ardhi hiyo, ekari 4,197, ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Mwaka 1928 ilitoka mikononi mwa jeshi ikaingia katika utawala wa kiraia, na kutoka hapo wakazi wake hawakujua tena ni nani aliye na deni lao. Tume ya Ardhi iliyoteuliwa mwaka 1932 chini ya Sir Morris Carter, tume ileile ambayo kazi yake ilikuwa kuamua ardhi za wenyeji wa Kenya nzima, iliwaona kuwa ni wapangaji wa Serikali wanaoweza kuondolewa. Walikuwa wamepigana vita vya dola hiyo, nao wakaambiwa kwamba wamekaa kwa hisani.

Hata majina ya mahali yameihifadhi hali hiyo. Iko sehemu ya Kibera iitwayo Kambi Muru mpaka leo. Nyingine ni Makina, Lindi, Laini Saba, Kianda, Gatwekera, Mashimoni, Silanga. Watoto wa watoto wa watoto wamezaliwa katika sehemu hizo. Mwaka 2017 jamii ya Wanubi hatimaye ilipewa hati ya ekari 288. Hesabu mwenyewe: tangu mwaka 1918 mpaka 2017 ni miaka 99, na ekari 288 ni chini ya sehemu moja ya 14 ya zile za kwanza. Na wakazi wengine wengi, Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na wengineo, waliojenga au kupanga vyumba vya udongo na mabati kwa kibali cha mdomo cha chifu, hawana hati yoyote.

Kawangware ina habari nyingine, na sitaificha ijapokuwa inaitatiza hoja yangu. Jina lake wengi husema limetokana na ngware, ndege ambaye sisi twamwita kware, maana palikuwa mashamba na vichaka. Ni sehemu ya Dagoretti, nchi ya Wakikuyu, na ardhi yake kwa sehemu kubwa ni mali ya watu binafsi wenye hati. Jiji lilipopanuka likaizunguka, wenye mashamba walijenga vyumba safu kwa safu na kuwapangisha wageni, wengi wao wakiwa wametoka magharibi mwa Kenya. Basi hapa hati ipo, lakini shida ya maji, ya vyoo na ya njia ni ileile. Hii ni kwa kuwa hati humlinda mwenye chumba, haimlindi anayelala ndani yake. Mwenye kudhani kwamba karatasi peke yake itaponya kila kitu na aende Kawangware akajionee. Mpangaji aliyelipa kodi kwa miaka 30 angali ni mtu wa kambini, kama aweza kutolewa kwa taarifa ya mwezi mmoja na hana baraza la kulilalamikia.

Watu hawa walikuja kwa nini? Si dhahabu peke yake iliyowasukuma, wala sitaki kudai hivyo. Kodi ya nyumba iliwadai fedha taslimu. Mashamba ya Maragoli na jirani zake yaligawanywa kwa wana, na tena kwa wana wa wana, mpaka yakawa vipande visivyoweza kulisha jamaa. Lakini ni kweli kwamba utajiri mkubwa kuliko wote uliowahi kutoka chini ya ardhi yao haukuwaachia kitu cha kuanzia maisha. Kama sehemu ndogo tu ya wakia zile ingaligeuzwa kuwa viwanda na maji katika nchi iliyozitoa, vijana wengine wasingalipanda gari la moshi kwenda Nairobi.

Simama alfajiri kando ya reli ipitayo Kibera, uwatazame wakienda kwa miguu hadi viwandani. Simama katika njia itokayo Kawangware kuelekea Lavington, uwahesabu walinzi, wapishi, waashi na yaya. Kisha uurudie ule mfano wa mgodi, useme ni nani mchimbaji na ni nani dhahabu. Jiji hili huamka, hupika, hujenga na hulala salama kwa nguvu za watu hawa. Wao si wachimbaji wa Nairobi. Nairobi ndiyo iliyowachimba wao, na kama ilivyokuwa Rosterman, faida imepelekwa kwingine na mashimo yameachwa pale yalipochimbwa.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba watu wa Kibera na Kawangware wenyewe husema kwao ni mashambani, na wakifa huzikwa huko. Ni kweli. Lakini mawaziri na majaji wangapi wanaoishi Karen na Muthaiga huzikwa mashambani vilevile? Hakuna aliyewahi kukata bomba la maji la Karen kwa kuwa mwenye nyumba ana kaburi la baba yake Siaya au Nyeri. Mtu aweza kuyapenda makaburi ya wazee wake na kuhitaji choo mahali anapolea watoto wake.

La pili ni kwamba watu hawa ni wengi mno, hawahudumiki. Kwa miaka mingi ilitangazwa kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipata watu 170,070. Idadi ile ya uvumi iliwafaa watu wa namna mbili: wale waliotaka kuchangisha fedha kwa jina la Kibera, na wale waliotaka kisingizio cha kutofanya lolote. Watu 170,000 si mzigo usiobebeka. Ni mji wa kadiri, na miji ya kadiri hiyo hupewa maji katika nchi hii.

La tatu ni kwamba ukiwapa ardhi, watawauzia matajiri kesho. Hofu hii ina msingi, maana mwenye njaa huuza kwa bei ya njaa. Lakini dawa yake inajulikana, nayo ni kuandika ardhi kwa jina la jamii, kama ilivyofanywa kwa ekari zile 288, ili mtu mmoja asiweze kuiuza peke yake. Na pamoja na hayo kumwandika mpangaji katika daftari, ili sauti yake ihesabiwe. Hofu ya kuuzwa si sababu ya kumnyima mtu mali, kama vile hofu ya kuibiwa si sababu ya kumnyima mtu mshahara.

La nne ni kwamba hakuna fedha. Fedha hupatikana zinapotakiwa. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kufungua njia ya kuunganisha Barabara ya Ngong na Lang'ata. Nyumba, makanisa na shule zilianguka, na watu waliopoteza makao walikadiriwa kuwa 30,000. Siipingi barabara, jiji lataka barabara. Nasema tu kwamba fedha za barabara zilipatikana, na fedha za kuwapa waliokuwa njiani mahali pengine pa kulaza watoto hazikupatikana. Waliondolewa kama mahema yanavyoondolewa. Watoto waliokwenda shuleni wiki iliyotangulia hawakuwa na shule ya kuiendea.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wa Kibera walipewa jembe zamani, na bunduki kabla ya jembe. Wamelilimia jiji hili kwa zaidi ya miaka 100. Ni desturi gani basi inayoruhusu mtu kulimishwa karne nzima na bado aitwe mgeni? Ninayodai kwa ajili yao si makuu. Nyumba ya mtu isivunjwe kabla hajaonyeshwa pa kwenda. Ardhi ya Kibera ipimwe na kuandikwa, na mpangaji wa Kawangware alindwe na sheria dhidi ya kutolewa ovyo. Maji, mitaro na shule vipelekwe kule kama vinavyopelekwa mahali pengine popote jijini, bila kungoja siku ambayo wakazi hao watakuwa wameondoka, maana siku hiyo haiji.

Jambo hili si la Nairobi tu, wala si la zamani tu. Katika Ikolomani, kusini mwa Kakamega, dhahabu nyingi imepatikana tena chini ya vijiji vya Isulu na Bushiangala, na katika mwaka 2025 habari za kuhamishwa kwa wakazi zilizusha mabishano makali. Neno milele linapimwa mara ya pili, katika nchi ileile, juu ya wajukuu wa wale waliopunjwa mara ya kwanza. Mkiwa watu wazima, baadhi yenu mtakaa katika ofisi zinazotia sahihi mambo kama hayo. Mtaletewa ramani, na juu ya ramani hiyo makao ya watu yatakuwa yameandikwa kwa neno jepesi: kambi, kitongoji, makao ya muda.

Kabla ya kutia sahihi, ulizeni wamekaa pale tangu lini. Mji wa wachimba dhahabu wa Kakamega, uliopindiwa sheria ya nchi, uliishi miaka 21 tu, kuanzia 1931 mpaka 1952. Kibera imeishi zaidi ya miaka 120, na haijaachwa na mtu.